Pikapu ya nyumbani ilivyochemka mlima wa Muhutwe, na dereva niliyemsingizia

Wakuu, salaam kutoka Kamachumu, Muleba.

Wale mliosoma uzi wangu wa mwezi wa saba kuhusu madereva wa kuajiriwa wanavyoua injini za watu, naomba msome na huu. Ule nimewaomba mods, wasimamizi wa jukwaa hili, waufunge lakini wasiufute. Ubaki hapo watu waone.

Hii siyo chai, yaani hadithi ya kutunga. Vipimo vyote nitakavyotaja niliviandika kwenye daftari siku hiyohiyo, na pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki.

Mnanijua humu, mimi ni yule wa "leta ushahidi". Chuo nilisoma ualimu wa fizikia na hisabati. Ajira bado, kwa hiyo siku tatu za wiki nafundisha tuition Bukoba mjini na siku nyingine niko nyumbani. Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, aliwahi kusema kwamba siku nikifika mbinguni nitaomba kwanza nionyeshwe hati ya kiwanja.

Tuendelee.

Gari ni pikapu ya dizeli, double cabin, ina umri. AC yake ilikufa zamani lakini vyuma vyake havikutolewa, kwa hiyo kondensa, ile sega nyembamba ya AC, bado imesimama mbele ya rejeta. Hilo la kondensa lishikeni, litarudi.

Kazi yake ni kushusha ndizi Bukoba na kurudi na saruji au mbolea. Mara mojamoja inakwenda Maruku kuchukua miche. Kuanzia mwezi wa sita inabeba nyasi.

Kwa wasioijua Kagera: kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, hutandazwa nyasi ili udongo usikauke. Nyasi zenyewe hukatwa rweya, ile nyika ya wazi isiyo na migomba. Wengi hubeba kichwani. Sisi tunaiingiza pikapu katikati ya nyasi zinazofika usawa wa boneti, tunapakia mpaka inafanana na nyumba ya msonge inayotembea.

Ukitoka huko una mbegu za nyasi mpaka masikioni.

Dereva ni Ta Novatus. "Ta" kwetu ni heshima kwa mwanaume mtu mzima. Ameiendesha pikapu hii miaka kumi na moja, na mimi kuendesha alinifundisha yeye. Ana watoto wanne na kibanja kidogo kisichotosha kulisha nyumba. Kazi hii ndiyo inayomshikilia.

Sasa tatizo.

Mwezi wa sita, Ta Novatus akiwa anatoka Bukoba na mzigo, mshale wa geji ya joto ulipanda mpaka H, alama ya moto. Kawaida yake unakaa chini kidogo ya katikati, hautikisiki. Ilikuwa kwenye mlima ule unaoanza ukishapita Muhutwe, kupanda huku juu kwetu. Ni mlima mrefu, ukiwa na mzigo unaupanda kwa gia ya pili.

Maji yalichemka. Akasubiri, akaongeza maji, akaja.

Ndani ya wiki tano ilitokea mara tatu.

Siku nyingine haikuchemka lakini alichelewa kufika. Baba akimuuliza alikuwa wapi, jibu lake lilikuwa lilelile, na "waitu" yetu ya heshima mwishoni: "Gari lilikuwa linapumzika, waitu."

"Gari linapumzika lina mapafu?" Baba aliuliza.

Baba akaanza kuhisi kwamba Ta Novatus anabeba mizigo ya watu njiani, anaizidishia gari, kisha anakuja na hadithi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na laptop.

Nilifungua Excel. Safari nane za Ta Novatus, gari limechemka tatu. Safari zangu sita, kwa sababu siku za tuition nilikuwa nashusha ndizi mwenyewe, halijachemka hata mara moja. Nikampangia Baba jedwali barazani, nikapaka rangi nyekundu pale panapohusika.

Nikamwambia: "Baba, kuna variable moja tu inayobadilika hapa. Ni dereva."

Sentensi hiyo naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliipenda.

Ta Novatus alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Akauliza, "Na mzigo umeuandika humo?"

Nikamjibu kwamba mzigo si hoja, pikapu imetengenezwa kubeba mzigo.

Akaugeuzageuza ufunguo.

Baba akamwambia, "Novatus, pumzika kwanza. Mwisho wa mwezi nitakuita."

Kwetu mtu akikwambia "nitakuita" kwa sauti ile, unajua hutaitwa. Ta Novatus akaweka ufunguo mezani, akapita jikoni kumuaga Mama, akaondoka kwa miguu.

Jioni ile ile niliandika ule uzi. Jina lake sikulitaja. Niliandika tu pikapu nyeupe, Kamachumu, dereva wa miaka mingi. Mlinipa likes za kutosha.

Nikawa dereva mimi. Wiki ya kwanza safi kabisa. Mshale umetulia, nami kifua mbele.

Wiki ya pili, Jumanne asubuhi, Baba akaniambia nikitoka Bukoba nirudi na saruji. Mifuko ishirini. Nikapita Kemondo, nikapita Muhutwe, nikaanza mlima. Kona ya tatu nikaona mshale umeondoka katikati. Nikasema labda ni macho. Kona iliyofuata uko robo tatu. Nilipopata mahali pa kusimama ulikuwa juu ya H na mvuke unatoka pembeni mwa boneti.

Nilikaa pale nikitazama mvuke, nikiwa na jedwali langu kichwani.

Kulikuwa na mama anauza mananasi pale karibu. Akaja taratibu akiwa amefunga mikono.

"Wewe ni wa kwa mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwenye gari lake yuko wapi?"

"Nani?"

"Novatus. Yeye hapandi hivi. Anasimama kule chini kwenye karavati, anafungua boneti, anakaa weee mpaka nanasi linaoza. Ndipo anapanda polepole. Wewe umekuja kama unakimbizwa na nyuki."

Nikiwa bado nameza hilo, nikachukua kitambaa nifungue mfuniko wa rejeta.

"Acha wewe! Unataka ubanduke uso? Novatus hafungui mpaka aweze kuushika kwa mkono mtupu."

Wakuu, hili lisiwapite: mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yamebanwa kwa presha, ukiufungua yanakurukia yote. Nimesoma fizikia na nilitaka kufanya hivyo. Muuza mananasi ndiye aliyeokoa sura hii.

Kwa hiyo kule kuchelewa kulikuwa kweli gari linapumzika. Mtu alikuwa anaitunza injini ya Baba juani, kisha anakuja nyumbani kuulizwa habari za mapafu.

Je, nilikwenda moja kwa moja kumwomba radhi?

Sikwenda. Nilijiambia kwamba tukio moja halitoshi kubadilisha hitimisho. Ndivyo nilivyojiambia, na sioni sababu ya kuwaficha.

Nilikwenda kwa fundi.

Fundi wa Muleba, nimwite Shaabani, alisikiliza nusu ya maelezo akaanza kufungua nati. "Hii ni thermostat. Hiki kidude ni cha Ulaya, kwenye barafu. Sisi huku Kagera cha nini?"

Kwa asiyejua, thermostat ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ikigoma kufunguka, gari linachemka. Kwa hiyo kuishuku si kosa. Kosa ni kuitupa bila kuipima.

Akaitoa, akanipa mkononi kama jino bovu. Nikaiweka mfukoni.

Kilichofuata: barabara ya tambarare mshale haukutoka C, alama ya baridi, kabisa; injini inaendeshwa baridi, kitu ambacho nacho hakiifai. Nikijaribu mlima na mzigo, inachemka vilevile. Ilichelewa kidogo tu.

Nikarudi kwake. Akainama, akachomoa waya mmoja pembeni mwa injini. Mshale ukalala C.

"Unaona? Geji ilikuwa inakudanganya."

"Na mvuke nao ulikuwa unanidanganya?"

"Wewe ni fundi au mteja?"

"Mteja."

"Basi washa gari uende, mteja."

Nilisogeza gari hatua kama hamsini, nikashuka nikaurudisha ule waya.

Sasa naingia kwenye vipimo. Wasiopenda rukeni, lakini mwenye gari la zamani haya yatamsaidia.

Kwanza geji. Kwenye gari kama hili lenye sensa ya waya mmoja, kile kidude kinachoipa geji habari ya joto la maji, ukichomoa waya, mshale unapaswa kulala C. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, ukagusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja tu, mshale unapaswa kupanda kuelekea H. Kwangu ulilala na ulipanda. Maana yake geji na waya vinasema kweli. Na maana yake alichonionyesha fundi kilikuwa ni waya uliochomolewa, basi.

Pili sensa. Nilingoja injini ipoe kabisa, nikaifungua. Nikaifunga waya, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji jikoni, nikaweka kipimajoto, nikaunganisha multimeter kusoma ukinzani. Joto likipanda, namba inapaswa kushuka taratibu bila kurukaruka. Ilishuka vizuri mno.

Mama akaingia.

"Hiyo si sufuria yangu ya maziwa?"

"Mama, napima tu mara moja."

"Na wewe leo utapimwa."

Nikaharakisha kipimo cha tatu, thermostat, kwenye sufuria ileile. Imegongwa namba 82. Ilipofika karibu na hapo ikaanza kufunguka, na kabla maji hayajachemka ikawa imefunguka yote. Nzima kabisa. Nikairudisha kwenye gari.

Hapohapo niliona kitu kingine: kipimajoto changu kilisoma 95 maji yakiwa tayari yanachemka. Huku tuko juu, maji hayangoji mia. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta usioshika presha ni hatari zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Dar. Nikabadilisha mfuniko. Mlima ukachemsha tena.

Maji yanazunguka, unayaona. Mkanda umekaza. Hakuna mafuta kwenye maji wala mapovu, kwa hiyo gasket ya juu sikuishuku. Rejeta ilioshwa kwa ndani. Feni inazunguka.

Nikaazima kipimajoto cha bunduki, kile unachoelekeza tu kinasoma, kwa rafiki anayehudumia majokofu ya samaki Kemondo. Nikapima juu ya mlima. Bomba la juu, linaloingiza maji kwenye rejeta: 104. Bomba la chini, linaloyarudisha kwenye injini: 97.

Mtaona wenyewe. Maji yanaingia ya moto, yanatoka karibu ya moto vilevile. Yanapita, lakini rejeta haitoi joto nje. Anayepaswa kulichukua joto hilo ni upepo.

Hata hivyo upepo niliuondoa kwenye orodha. Nilikuwa nimeshamulika tochi mbele, kondensa safi. Nikamulika nyuma, kupitia kwenye feni, rejeta safi. Nimeona kwa macho yangu, kwa hiyo siyo hilo.

Nikakwama siku nne.

Siku ya tano Mama akaniambia nikiwa nakunywa chai: "Umeuliza mpaka sufuria. Mtu aliyelikalia hilo gari miaka kumi na moja hujamuuliza."

Nikaweka kikombe chini.

Nilimkuta Ta Novatus kibanjani kwake anatandaza nyasi. Mzigo mwingine ulikuwa umelala pembeni na kata ya kichwani juu yake. Alikuwa amezibeba kutoka rweya kwa kichwa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa anatubebea sisi kwa gari, na mzigo wake wa mwisho wa siku anaupitishia kwake. Mwaka huu gari ninalo mimi.

"Karibu, mwalimu wa takwimu," akasema bila kuinuka.

Nikamsalimia kwa adabu zote nilizofundishwa. Nikamweleza mlima, thermostat, sufuria, 104 na 97. Aliendelea kutandaza, nyasi kwa nyasi, kama anayetandika kitanda cha mgeni. Nilipomaliza akauliza:

"Upepo umeupima?"

"Upepo unapimwaje?"

Akainama, akachana kipande cha jani kavu la mgomba, akalikunja akalitia mfuko wa shati.

"Twende."

Baba alikuwa kwenye kikao cha kanisa. Ta Novatus akaniambia niwashe gari, niliache lipate joto, kisha nikanyage mafuta kidogo na nishikilie. Akaenda mbele, akaliweka lile jani kwenye grili, akaliachia.

Likaanguka.

Akaliokota, akalisogeza katikati kabisa. Likaanguka tena.

"Feni inavuta upepo kutoka mbele," akaniambia. "Rejeta ikiwa wazi, jani linaganda hapo mpaka ulibandue. Miaka yote linaganda. Mwaka huu haligandi. Nilimwambia mzee, akasema feni si inazunguka, anaiona."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa unanionyesha kompyuta."

Tukazima. Tulipoona imepoa tukafungua grili, tukafungua bolti za kondensa, tukailaza mbele. Ta Novatus akaingiza mkono katikati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo tochi ya mbele haifiki na tochi ya nyuma haifiki.

Akawa na uso wa mtu aliyeshika kitu asichokitegemea.

Ulikuwa mkeka, wakuu. Mkeka wa mbegu za nyasi zilizoshonana, vumbi limezigandisha, unene wa vidole viwili, umefunika rejeta kutoka juu mpaka chini. Mabawa ya senene yalikuwa yamenasa humo.

Na mkeka huo haukujishikilia wenyewe. Ulikuwa umeshikwa na wavu. Wavu wa plastiki wa madirishani, umekatwa vizuri kwa vipimo, umefungwa pembe zote nne kwa vipande vya waya wa bluu.

Waya huo ni wa kebo ya intaneti. Uliletwa nyumbani na mtu mmoja tu, aliyeutoa hosteli ya chuo.

Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa sita, niliona video ya jamaa anaeleza jinsi mbegu za nyasi zinavyoziba rejeta za magari yanayoingia porini. Suluhisho lake ni wavu mbele ya grili, unautoa kila siku unaukung'uta. Nikafunga. Baba akauona, akasema nimeigeuza gari yake banda la kuku, nitoe.

Nikautoa mbele. Nikaufunga nyuma ya kondensa, ambako hatauona. Sikumwambia mtu. Nilipanga kuwa naukung'uta mwenyewe kila nikija. Likizo ikaisha, nikarudi chuo, na ule wavu ukatoka kichwani kabisa kama haukuwahi kuwepo.

Ta Novatus kila msimu wa nyasi ukiisha hupeleka gari kupulizwa kwa kompresa kutoka nyuma, mbegu zirudi mbele zitoke. Wavu wangu ulizizuia kutoka. Zikipita pembeni mwa kondensa zinanaswa kati ya wavu na rejeta, zikipulizwa zinabaki. Misimu miwili ya kwanza ilijaza nusu. Msimu huu ukaziba.

Na safari zangu sita? Nilikuwa nashuka na ndizi, napanda mtupu. Ta Novatus ndiye aliyekuwa anapanda na saruji. Aliniuliza kuhusu mzigo, mlangoni, mbele ya Baba.

Ta Novatus akaugusa ule waya wa bluu kwa kucha.

"Huu naufahamu," akasema. "Ulifungia hata antena ya nyumbani."

Nikatazama antena juu ya paa.

Akatazama barabarani. "Mzee hajarudi." Kisha akaenda kwenye tenki kunawa mikono, akanipa mgongo.

Nilielewa alichofanya. Ningeweza kuukung'uta ule wavu nyuma ya nyumba, nikauchoma, nikamwambia Baba kwamba rejeta ilikuwa imeziba na sasa ni safi. Haungekuwa hata uongo. Gari lingepona, Ta Novatus angeitwa, mimi ningebaki kuwa kijana aliyeligundua tatizo.

Niliwaza hivyo muda wote aliokuwa ananawa. Alinawa polepole sana.

Nikaubeba wavu ulivyo, mbegu, mabawa na nyaya za bluu, nikaulaza juu ya meza ya barazani, palepale nilipokuwa nimeweka laptop.

Baba alifika na kitabu chake cha kikao kwapani. Akasimama.

"Hiki nini?"

"Ni ile variable moja, Baba."

Nikamweleza yote, tangu banda la kuku. Hakunikatiza. Aliigeuza pembe moja ya wavu, akauona waya, akauacha. Halafu hakunisemesha mimi. Alimwita Mama alete kahawa.

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo. Kazi hiyo kwa kawaida si ya baba mwenye nyumba. Siku hiyo Baba alikichukua kikapu mkononi mwa Mama, akashuka ngazi, akampelekea Ta Novatus pale kwenye gari. Baba ana miaka sabini na goti bovu.

"Novatus. Chukua, waitu."

Ta Novatus hakunyoosha mkono.

"Mzee, mimi sina neno na wewe. Lakini nilisemwa kwenye simu. Nilikwenda Muleba kuomba kazi ya Fuso, mwenye Fuso akanionyesha. Akaniuliza, huyu wa Kamachumu siyo wewe? Pikapu nyeupe, si ndiyo hiyo? Akasema ataniita."

Baba hakujua habari za uzi. Akanigeukia.

"Kahawa nitatafuna," Ta Novatus akasema. "Lakini huyu aandike. Palepale alipoandika kwanza."

"Ataandika," Baba akasema.

Ta Novatus akachukua buni mbili, akatafuna.

Ijumaa yake tulipanda Muhutwe na mifuko ishirini ya saruji. Yeye kwenye usukani, mimi pembeni na kipimajoto cha bunduki mapajani. Kwenye karavati akapunguza mwendo kwa mazoea, kisha akacheka peke yake akaendelea. Mshale ulisogea unene wa unyoya, ukarudi mahali pake mpaka juu. Nilipopima, bomba la chini lilikuwa limeachana na la juu kwa mbali.

Yule mama wa mananasi alitupungia. "Leo hampumziki?"

Nilichojifunza ni hiki. Gari likichemka, msikimbilie kung'oa thermostat wala kuchomoa waya wa geji. Anzeni na kisichohitaji spana: jani kavu au karatasi mbele ya grili, injini inanguruma, mikono mbali na feni. Lisipoganda, tafuteni kilichozuia upepo, na msiishie kumulika mbele na nyuma, angalieni katikati. Mkipima mabomba yote mawili mkakuta yanakaribiana joto, rudini kwenye upepo huohuo. Na mkilinganisha madereva, linganisheni na mizigo yao.

La pili ni langu mwenyewe. Miaka yote nimekuwa nadai ushahidi kwa watu. Kitu pekee ambacho sikukikagua kwenye gari lile ni kile nilichokifunga mimi.

Mwenye Fuso wa Muleba, kama umo humu, dereva uliyemwambia utamwita hajawahi kuua injini ya mtu. Umeshachelewa hata hivyo, amerudi kwetu.

Karibuni wenye uzoefu. Hasa wa magari yanayoingia rweya au mashamba ya nyasi: mnazuiaje mbegu bila kufunga wavu? Na kuna aliyeendesha muda mrefu bila thermostat huku kwenye baridi yetu, injini ilisemaje? Wa kunitukana pia karibuni, ila mtukaneni mwenye uzi, si dereva.

Kabla sijapost nimemsomea Ta Novatus uzi wote, tumekaa kwenye bodi ya pikapu. Alirekebisha mambo mawili. Niliandika mkeka ulikuwa unene wa kidole kimoja, akasema viwili. Na pale juu nilikuwa nimeandika kwamba nilimsingizia bila kujua.

Akasema, "Bila kujua futa. Nilikuuliza kuhusu mzigo, na ulinijibu."

Nimefuta.